Mufuko mmoja unapasuka njiani: nani anaulipa?

Kila siku ya kugawana makuta kuna ulizo lenye kurudia. Ekipe ilitosha mifuko 40 mu shimo, kila mutu aliiona kwa macho yake, ikahesabiwa pale juu mbele ya wote. Nyuma ya siku kumi na mbili, yule aliyetumwa ku depo anarudi na malipo ya mifuko 25. «Yaya, ile ingine kumi na tano iko wapi?» Pale njo maneno inaanza. Mumoja anasema ni wizi. Mwingine anasema depo njo inakula. Nyumbani, mama aliyekopa unga wa bukari kwa jirani akingojea siku ile, yeye haulizi mambo ya mifuko. Anauliza paka kile kitakachoingia mukononi.

Wapenzi wasomaji, leo tunataka kufwata ile mifuko hatua kwa hatua, tangu mu shimo mupaka ku balansi ya depo. Si juu ya kutetea wenye depo, wala si juu ya kusema kwamba wizi hauko. Wizi uko. Lakini asiyejua ni kiasi gani kinapotea kwa kawaida hawezi kujua ni kiasi gani kimeibiwa. Tena kuna jambo moja ambalo ekipe nyingi hazilioni: mufuko unaopotea mwisho wa njia haulingani na ule unaopotea mwanzo, hata kama yote miwili ni ya kilo 50.

Hesabu hii ni ya zamani mu viwanda. Mutoto aliyesoma komersiali ku sekondari anaijua, ijapokuwa ku shule walimufundisha kwa mifano ya viatu na biskuti. Sisi tutaifanya na mawe. Bei zote tunazoandika hapa ni za mufano, tumezichagua ziwe nyepesi kugawanya. Wewe weka zako.

Kutoka shimo mupaka depo

Tuseme ekipe ni watu 8. Kuchimba kunakula siku 8: chakula, mabetri ya taa, kamba, miti ya kushikilia shimo, mafuta ya pompi ya maji. Yote pamoja inafanya franka 600,000. Juu kunatoka mifuko 40. Ukigawanya, kila mufuko umekwisha kula franka 15,000 mbele mutu hajaupiga hata nyundo moja.

Nyuma yake ni kuchagua na kuponda, siku 2. Mu ile mifuko 40, mifuko 8 inaonekana ni jiwe tupu, hakuna kitu. Inabaki 32. Wale waliosaidia kuponda wanalipwa, mifuko mipya inanunuliwa, maji inabebwa: franka 200,000. Jumla sasa ni 800,000. Hapa njo wengi wanapoteza njia. Wanagawanya kwa 40, wanapata 20,000, wanafurahi. Lakini ile 8 ya jiwe tupu haitalipa kitu ku depo. Chakula kilicholiwa wakati wa kuichimba, kamba iliyoipandisha, yote imehamia juu ya mugongo wa ile 32 mizuri. Kwa hiyo tunagawanya kwa 32, na kila mufuko uliopondwa unasimama ku 25,000.

Tunaenda ku maji. Kusafisha na kukausha kunakula siku 2 na franka 200,000 zingine, zaidi sana malipo ya bamama wanaosafisha. Udongo unatoka, mawe yanabaki, mifuko 32 inakuwa 25. Jumla ni 1,000,000. Kila mufuko: 40,000.

Mwisho ni kamio. Tuseme franka 5,000 kwa mufuko, inafanya 125,000 kwa yote 25. Jumla ya mwisho ni 1,125,000. Mufuko mmoja wenye kufika mbele ya balansi umekula franka 45,000.

Fungua ile 45,000 uangalie ndani. Kuna 24,000 ya kuchimba, kwa sababu 600,000 ya shimo inabebwa sasa na mifuko 25, haibebwi tena na 40. Kuna 8,000 ya kuponda, 8,000 ya kusafisha na 5,000 ya njia. Ile mifuko 15 «yenye kupotea» haikupotea hewani. Munane ilikuwa jiwe, saba ilikuwa udongo, na bei yao yote iko ndani ya ile 25. Kama ekipe inaandika hivi, ulizo la «iko wapi» linapata jibu mbele halijakuwa ugomvi.

Sasa mufuko mmoja unapasuka njiani. Watu wanasema: mumoja kati ya makumi mbili na tano, si kitu, ni asilimia 4. Tuangalie. Tuseme depo inalipa 60,000 kwa mufuko, na tuache pembeni sehemu ya sponsa, kwa maana kila ekipe iko na mapatano yake. Mifuko 25 inaleta 1,500,000. Ukitosha gharama 1,125,000, inabaki 375,000 ya kugawana. Mifuko 24 inaleta 1,440,000, lakini gharama ni zilezile 1,125,000: chakula kililiwa, wenye kuponda walilipwa, kamio ilichukua yake. Inabaki 315,000. Ile asilimia 4 ya mifuko imekula asilimia 16 ya makuta ya kugawana, karibu sehemu moja juu ya sita.

Ekipe nyingi ziko na mulinzi usiku ku mudomo wa shimo, pale mufuko umekula 15,000. Ni vizuri. Lakini pale kamio inapakia, pale kila mufuko umekula 40,000 na kupita, mara nyingi hakuna mutu wa kuhesabu. Kila mumoja amechoka, anawaza nyumbani. Na mule ndani ya kamio madini ya siku kumi na mbili inalala mu mifuko ya unga ambayo imekwisha kutumika mara tatu, uzi umeoza, chini imeshonwa na waya. Mutu ameokoa franka kidogo za mufuko mupya, ameweka 60,000 juu ya uzi mubovu. Kwa hesabu yetu, kama kuna pahali pa kununua mifuko mipya ni ku safari ya mwisho. Mifuko mibovu itumike kupandisha mawe kutoka shimoni.

Na kukagua kufanywe mapema. Ile mifuko 8 ya jiwe tupu ilipandishwa na mikono, ikabebwa mupaka pahali pa kupondea, njo ikaonekana ni bure. Yaya mwenye macho ya madini, anayejua rangi ya malachiti na weusi wa kobalti, wengi wanamuweka ku mwisho, ku kuchagua. Afazali asimame kule ambako mawe yanaanza kutoka. Kila jiwe tupu linaloachwa mapema halitakula kamba, wala mufuko, wala nyundo.

Hasara ya kawaida, na hasara yenye tarehe

Kusafisha mifuko 32 na kupata 25, tuseme njo kawaida ya shimo hili. Mumejaribu mara tatu, mara ine, inaanguka palepale. Hii si kosa la mutu. Ni bei ya kazi, kama vile maganda ya karanga. Hakuna anayenunua karanga akalia juu ya maganda.

Lakini mwezi huu mvula ilinyesha usiku juu ya rundo lililopondwa, likabebwa kidogo kidogo mu mufereji, na ku maji kulitoka mifuko 20 tu. Unaandika namna gani?

Namna ya kwanza ni kugawanya: 1,000,000 kwa 20, mufuko mmoja 50,000. Ni hesabu ya kweli, lakini inaficha. Mwezi unaofwata mukitaka kujua kama hili shimo linalipa, mutaona 50,000 na mutafikiri shimo limekuwa baya, kumbe shimo halikubadilika. Ni mvula. Ekipe zinaweza kuacha shimo zuri kwa sababu ya hesabu kama hii, na kwenda kuanza lingine kwa deni.

Namna ya pili tunaiona bora. Mifuko 20 mizuri iandikwe ku bei yake ya kawaida, 40,000 kila mumoja: inafanya 800,000. Inabaki 200,000. Hii iandikwe peke yake, ku mustari wake, na tarehe na sababu: mvula, rundo halikufunikwa. Haitapunguza hasara hata franka moja. Makuta imekwisha kwenda. Lakini sasa iko na jina, na kitu chenye jina kinaweza kuulizwa. Bashi, ile turubai kubwa ya plastiki, inauzishwa bei gani? Tuseme 60,000. Basi ekipe ilikataa kutosha 60,000 ikalipa 200,000. Mukutano wa kugawana makuta ukifika, hakuna haja ya kupigana juu ya nani alipashwa kufunika. Munanunua bashi.

Wizi nao unaonekana kwa njia hii. Kama kawaida ni 25 na mara tatu zinafwatana inatoka 22, na mvula haikunyesha, na mawe ni yaleyale, basi mifuko 3 iko na miguu. Bila kaye ya zile mara za kwanza, hamuna haki ya kumunyooshea mutu kidole.

Maji inabeba nini?

Tumesema udongo unatoka. Lakini maji haichagui vizuri kama mukono. Kobalti ya Katanga, ile nyeusi, mara nyingi ni laini. Ukiiponda sana inakuwa vumbi, na vumbi linaenda na maji. Malachiti vilevile ikisagwa sana. Kwa hiyo kusafisha kuna hasara mbili ndani ya ndoo moja: ya udongo, ambayo tunaitaka, na ya madini, ambayo hatuitaki.

Depo inalipa kufwatana na tenere, ni kusema wingi wa madini ndani ya jiwe, na ile mashini ya mukononi ambayo kila mutu anaiita Metorex inasoma asilimia. Ekipe inasafisha sana ili namba ipande. Tufanye hesabu. Mifuko 32 ya kilo 50 ni kilo 1,600. Kama tenere ya kobalti ni asilimia 2, kuna kilo 32 za kobalti ndani. Wamesafisha kwa nguvu, imebaki mifuko 18, ni kilo 900, na mashini inasoma asilimia 3. Watu wanapiga mikono. Lakini asilimia 3 ya kilo 900 ni kilo 27. Kilo 5 za kobalti ziko mu mutoni.

Pengine bado inafaa, kwa sababu depo zingine zinaongeza bei sana tenere ikipanda. Pengine haifai. Bila kupima mbele na nyuma ya kusafisha hakuna anayeweza kusema, na kupima mara moja tu, ku depo, mbele ya munegosia, ni kuchelewa. Ule udongo wa chini nao usitupwe ovyo. Chimba shimo dogo la kuukamata, uutenge. Ni vizuri kwa hesabu na ni vizuri kwa watu wa chini ya muto, ambao wanachota palepale.

Wakubwa nao waliacha madini mingi mu takataka. Ku Lubumbashi, fourneau ya Union Minière ilitosha shaba ya kwanza mu 1911, na kwa miaka mingi mabaki yake yalimwagwa pembeni mupaka ikawa ule mulima mweusi, teriri, ambayo kila mutoto wa Lubumbashi anaujua. Katika hesabu za wakati ule, ulikuwa takataka. Mwanzo wa miaka ya 2000 ule mulima ulianza kuyeyushwa tena, kwa sababu ndani kulibaki kobalti, shaba na zinki. Ku Kolwezi, mabaki ya konsantrateri yaliyomwagwa Kingamyambo na mu bonde la Musonoi yamekuwa leo mugodi mwenyewe: kompanyi inayaosha kutosha shaba na kobalti bila kuchimba shimo hata moja. Takataka ya hatua moja, bei ikipanda ao mashini ikibadilika, inageuka mali ya hatua ingine. Kwa hiyo mu kaye, kitu kilichotengwa kiandikwe kama kitu kilichotengwa, na wingi wake, hata kama leo bei yake ni sifuri.

Mifuko mitatu ya maji

Mbele ya kuacha mambo ya depo, neno moja juu ya unyevu. Mifuko 25 ya kilo 50 ni kilo 1,250. Kama unyevu ni asilimia 12, kilo 150 ni maji. Ni mifuko mitatu ya maji, na kamio mulilipa 5,000 kwa kila mufuko ili ibebe ile maji. Siku moja zaidi ya kukausha ku jua ingeipunguza.

Tena depo inatosha ule unyevu ku kilo, na ni haki yake kama inaupima. Shida ni pale inaupima kwa jicho. Munegosia anaweka mukono mu mufuko, anasema 18. Kati ya 12 na 18 kuna kilo 75, ni kusema mufuko mmoja na nusu. Kabla ya safari, ekipe inaweza kupima yenyewe. Mutwae madini kidogo mu mifuko mbalimbali, ya juu na ya chini, si ya juu tu, muichange, mupime gramu 1,000 ku balansi ya kidogo. Muikaushe juu ya bati, ku jua kali ao juu ya mbabula ya inje, mupaka isipungue tena. Kama imebaki gramu 880, unyevu ni asilimia 12. Tunaomba bamama: isiwe mu nyungu ya bukari, wala ndani ya nyumba karibu na watoto. Lile vumbi si la kupumua. Mutu anayefika Musompo ao depo ingine na namba yake mu kaye hasumbuliwi sawa na yule anayefika na mikono mitupu. Hatusemi atashinda kila mara.

Nani analaumiwa

Mu viwanda vikubwa, wale wasomaji wetu wanaotumika ku elektrolizi wanajua ginsi wakubwa wanavyopiga kelele juu ya katodi moja yenye vipele. Kwa nje ni bati la shaba kama mengine. Lakini lile bati limekwisha kupita mugodi, kuponda, kusaga, asidi, kusafisha maji ya shaba, na mwisho umeme mingi. Likikataliwa kuwa la daraja la kwanza, linauzishwa kwa bei ya kupunguzwa, ao linarudishwa nyuma, na zile gharama zote ziko ndani yake. Kelele iko na maana.

Lakini hapa tuko na neno letu. Kwa sababu hasara inaonekana ku hatua ya mwisho, haimaanishi ilizaliwa kule. Katodi inaweza kuharibika kwa sababu umeme ulikatika, ile delestaji tunayoijua sote, ao kwa sababu maji ya shaba yalikuja machafu kutoka hatua ya mbele. Kukata mushahara wa mutu wa elektrolizi kwa kosa la asidi ni hesabu mbovu, hata kama imepigwa na mashini ya bei kali.

Bamama wanaosafisha madini ku muto wanapata lawama hiyohiyo. Mifuko ikipungua, watu wanawaangalia wao, kwa maana pale njo ilipungua. Wakati mwingine waliletewa mawe yaliyosagwa kuwa unga na vijana waliotaka kumaliza mbio. Unga ule hakuna mukono unaoweza kuukamata. Njo maana tunaomba kaye iandikwe ku kila hatua, kilichoingia na kilichotoka, na anayepokea atie jina lake pamoja na anayetoa. Na mwandishi asiwe yeye anayepeleka mifuko ku depo.

Hesabu ya matofali

Jamaa nyingi za wachimbaji zinaongeza makuta na matofali ya kuchoma, udongo wa kichuguu, mwezi wa jua. Na mule tunaona bei inapangwa vibaya kila mwaka.

Mama mumoja, tuseme, anafinyanga matofali 5,000. Udongo, maji, vijana wa kufinyanga: franka 250,000. Yakiwa yanakauka, 400 yanapasuka; inabaki 4,600. Anayapanga mu tanuru, ananunua kuni, analipa walinzi wa moto: 350,000. Jumla 600,000. Akifungua tanuru, mazuri ni 4,000. Mengine 300 ya pembeni hayakuiva vizuri, anayauzisha 100 moja kwa watu wa kujenga kiosha, inafanya 30,000. Na 300 yamevunjika.

Yeye anahesabu hivi: 600,000 kwa matofali 5,000, ni 120 moja. Anauzisha 130, anaona faida ya 10. Jirani zake wanamusifu, matofali yake ni bei nafuu, yanaisha kwa siku tatu. Nyuma yake anakosa makuta ya kuanza tanuru la pili na hajui kwa nini.

Hesabu yenyewe: kutoka 600,000 tosha kwanza ile 30,000 ya yale yasiyoiva, inabaki 570,000. Gawanya kwa yale 4,000 mazuri tu. Tofali moja limemugharimu franka 142.5. Kwa kuuzisha 130 anapoteza 12.5 ku kila tofali, na juu ya 4,000 ni franka 50,000. Kadiri alivyouzisha mbio, njo alivyopoteza mbio. Na uangalie tena wapi hasara inauma. Tofali lililopasuka wakati wa kukauka lilikula franka 50 tu. Lililovunjika mu tanuru lilikula karibu 130, kwa maana kuni zimeingia. Kama ana mutu mumoja tu wa kuangalia vizuri, amuweke kuchagua matofali yenye ufa mbele ya kuyaingiza mu moto.

Rundo lililobaki katikati

Kuna hesabu moja ambayo inaleta machozi kuliko zingine, na ni ya kazi iliyoachwa nusu. Turudi ku ekipe yetu ya watu 8. Siku ya kumi imefika, mawe yamepondwa, mifuko 32 imesimama, haijasafishwa. Mumoja wao anaugua, anarudishwa nyumbani. Wengine wanasema: «Hakuna kilichouzishwa, basi hakuna chake.» Jamaa yake inasema: «Alichimba, tunataka sehemu moja juu ya munane.» Kila upande unasema sehemu ya kweli.

Kwanza lile rundo. Si sifuri. Na si mifuko 32 ya 45,000, kwa maana haijaona maji wala kamio. Limefika ku hatua ya pili, basi linaandikwa ku bei ya hatua ya pili: mifuko 32, franka 25,000 kila mumoja, 800,000. Sponsa akija ile siku kuuliza makuta yake yamekwenda wapi, jibu ni hilo rundo na hiyo namba, wala asikubali mutu kumwambia zaidi ao chini.

Nyuma yake siku za mutu. Ekipe yote ingefanya siku 96, watu 8 mara siku 12. Mugonjwa alifanya 10, wale saba walifanya 12 kila mumoja, inafanya 94. Mifuko 25 imefika ku depo mizima, 375,000 imebaki. Gawanya kwa 94: karibu franka 3,990 kwa siku moja ya mutu. Tunajua, hii namba inaumiza kuisoma, na ekipe nyingi hazipendi kuihesabu kwa sababu hiyo. Zile siku 10 za mugonjwa zinafanya karibu franka 39,900. Wale wengine wanapata karibu 47,900 kila mumoja, kwa maana walibaki siku mbili zaidi mu maji baridi. Bibi yake mugonjwa akija kuchukua, asipewe makuta tu mukononi. Afunguliwe kaye, aonyeshwe ukurasa wa mifuko 32 na ukurasa wa mifuko 25, na kama hajui kusoma, mutoto wake amusomee pale pale mbele ya wote.